Barua ya wazi kwa viongozi wa Dar es Salaam: tupeni chumba, tuondoleeni daftari la mahudhurio

Kwa wakurugenzi wa halmashauri za Mkoa wa Dar es Salaam, watendaji wa kata, wenyeviti wa serikali za mitaa, maofisa ustawi wa jamii, wakuu wa vituo vya polisi na wamiliki wa nyumba za upataji nafuu (sober house), wanakokaa waraibu wanaoacha dawa.

Waheshimiwa, nawasalimu.

Mimi ni mraibu wa heroini niliyeacha, na ni mmoja wa wanaoendesha mikutano ya waraibu hapa jijini. Nawaandikia kuhusu jambo ambalo limeanza kutuvunjia mikutano, nalo ni daftari la mahudhurio. Wanaotupa chumba na wanaotusaidia viti wanazidi kututaka tumwandikishe kila anayeingia: jina kamili, mtaa anaoishi, namba ya simu, dawa aliyokuwa akitumia, saini. Wakati mwingine inaongezwa picha ya pamoja na mgeni rasmi. Najua nia si mbaya. Afisa anatakiwa kupeleka taarifa juu, na taarifa isiyo na majina huonekana kama imebuniwa ofisini. Pamoja na hayo nawaomba sana tuliache daftari hilo. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza pia mnachoweza kutufanyia badala yake.

Wengi wenu hamjawahi kukaa kwenye mkutano wetu, basi nianzie hapo. Viti vinapangwa duara, bila meza kuu. Chai ya tangawizi inakuwa tayari kabla ya saa, kwa sababu mwenye arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa, hutetemeka na akishika kikombe cha moto anatulia kidogo. Mmoja wetu anasimama mlangoni. Mgeni akifika, anamsalimia, anamuuliza angependa tumwite nani, na jina lolote atakalotoa ndilo jina lake humo ndani. Kisha utaratibu unasomwa kwa sauti: tunachosikia humu hatukitoi nje, kila mtu anajisemea yeye, hamsemei mwenzake, mmoja akizungumza wengine wanasikiliza, hakuna kumkatiza, kumjibu, kumhubiria wala kumpa ushauri ambao hakuuomba, dawa na vifaa vyake havipiti mlangoni. Baada ya hapo panakuwa kimya kwa muda, mara nyingi kirefu kuliko mgeni anavyotegemea, mpaka mtu mmoja anaanza.

Anayezungumza anaweza kusema aliuza simu ya mama yake siku mama amelazwa. Mwingine atasema ana virusi vya ukimwi na mkewe hajui. Mwingine atasema jana usiku aliteleza, akabwia tena baada ya miezi mingi ya kuwa safi, na kwamba hakutaka kuja leo kwa aibu. Huyu wa mwisho ndiye mkutano unawekwa kwa ajili yake. Akilisema hilo na akaona hakuna aliyeguna wala kutikisa kichwa, kuna uwezekano mkubwa atakuja na kesho. Asipolisema anarudi nalo kijiweni.

Sasa wekeni daftari katikati ya duara hilo. Nimeona linavyozungushwa. Lilipomfikia wa tatu, wawili waliokuwa karibu na mlango walishaondoka, chai wameiacha nusu. Waliobaki waliandika majina ya uongo na namba za simu zisizo zao. Mwenye jina la kweli alikuwa mimi na mzee mmoja ambaye mtaa mzima unamjua. Saa nzima iliyofuata watu walizungumzia hali ya hewa ya maisha yao: namshukuru Mungu, naendelea vizuri, asanteni. Taarifa ilipelekwa juu ikiwa na safu zote zimejaa, na katika chumba kile hakuna aliyesaidiwa.

Utaratibu wa kutotaja majina hatukuubuni sisi. Mwaka 1935, mjini Akron, Ohio, nchini Marekani, walevi wawili, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji, waligundua kwamba mlevi anayezungumza na mlevi mwenzake hupata nguvu ya kupitisha siku bila pombe. Kutoka hapo ukazaliwa ushirika wa Alcoholics Anonymous, na mwaka 1953, huko California, waraibu wa dawa za kulevya wakaanzisha Narcotics Anonymous kwa mfano huohuo. Sharti la kuingia ni moja, nia ya kuacha. Mwaka 2020 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalikusanya tafiti 27 zilizohusu watu zaidi ya 10,000 wenye uraibu wa pombe, yakakuta kwamba kuwaelekeza watu kwenye mikutano hii kwa mpango maalumu kunawasaidia kuacha kabisa pombe sawa na tiba nyingine zinazojulikana, au kuzizidi. Heroini ina mambo yake na wengi wetu tunahitaji hospitali pia. Lakini mkutano wenyewe hauna gharama kubwa, na unaweza kufanyika kila siku, popote penye viti na watu wanaoweka siri.

Na siri hiyo sheria inaitambua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida hazikusanywi bila ridhaa yake ya maandishi. Mtu aliyekuja na arosto, akaambiwa hapati kiti mpaka asaini, hawezi kuhesabiwa kuwa ameridhia. Daftari lenyewe mnajua linavyohifadhiwa: juu ya kabati la ofisi, mlango wazi, kila anayefuata barua ya utambulisho akilipekua kwa kungoja zamu yake. Tena siku hizi halihitaji hata kupekuliwa. Katika kata moja, ambayo sitaitaja, picha ya mkutano iliwekwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ili kuonyesha kazi inafanyika. Kijana mmoja aliyekuwa kwenye picha alikuwa ameanza kuaminiwa, amepewa bodaboda alete hesabu jioni. Mwenye pikipiki aliiona picha usiku, asubuhi akaifuata pikipiki yake. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Lakini kijana hakurudi kwenye mkutano, na sisi tuliomwambia kwamba pale ni salama hatukuwa na la kumjibu.

Mkihitaji takwimu, tutawapa. Mwendeshaji anahesabu vichwa: wanaume, wanawake, waliokuja kwa mara ya kwanza. Anaandika tarehe na idadi, basi. Hesabu hiyo itakuwa ya kweli kuliko yoyote mliyowahi kupokea, kwa sababu hakuna atakayekuwa na sababu ya kudanganya. Na ikiwa yupo anayetakiwa kuthibitisha kwamba anahudhuria, labda familia imemwekea sharti, au mwajiri, au mahakama, tutampa karatasi yake mwenyewe, yenye tarehe na saini ya mwendeshaji. Ataibeba yeye na kuipeleka yeye. Huko Marekani mahakama zimezoea utaratibu wa namna hii kwa miaka mingi: katibu wa mkutano anasaini kikaratasi alichokuja nacho mhusika, na kundi halibaki na orodha ya mtu yeyote.

Kwa wakuu wa vituo vya polisi nina ombi fupi. Hatuombi mtu yeyote awekwe juu ya sheria, na mwenye kete ya dawa mfukoni tunamwambia wazi kwamba haingii nayo. Pusha, yaani muuza dawa, anayesogea getini tunamwondoa sisi wenyewe, watu wawili, kwa maneno ya taratibu, na akikaidi tutawapigia. Tunachoomba ni kwamba saa ya mkutano na njia ya kutokea mkutanoni isigeuzwe mtego. Askari akimngoja mtu mmoja nje siku moja, habari itafika vijiwe vyote kabla ya magharibi, na chumba kitakuwa kitupu wiki zinazofuata. Polisi kata akitaka kutujua, aje tuongee kabla, amjue mwendeshaji kwa sura, abaki na namba yake.

Wamiliki wa nyumba za upataji nafuu, nanyi naomba mnisikilize bila kukasirika, maana wengi wenu ni ndugu zangu katika kupona, na baadhi yenu mlinipokea nikiwa sina hata viatu. Ninyi mna mkutano kila siku ndani ya nyumba, na meneja ndiye anayeuendesha. Meneja huyohuyo ndiye anayesema nani atapewa ruhusa ya kwenda msibani, nani atapigiwa familia simu, nani miezi yake imetimia na nani aongezewe. Mkazi anayejua hivyo atasema nini mbele yake? Atasema anachotaka kusikia meneja. Nimekaa kwenye mikutano ya namna hiyo nikasikia vijana wakisifia nyumba kwa maneno yanayofanana, mmoja baada ya mwingine, na ukitoka nao uani wanakueleza mengine kabisa, yakiwemo ya kupigwa na kufungiwa. Siisemi nyumba fulani. Nasema nyumba yoyote inayoendeshwa hivyo haitajua kinachotokea ndani yake mpaka siku mtu anaporuka ukuta. Angalau mkutano mmoja kwa wiki uendeshwe na mtu kutoka nje, meneja na wasaidizi wake wasiwepo, wala mtu asiulizwe baadaye alisema nini. Maofisa ustawi wa jamii, mkikagua nyumba hizi, pamoja na kuangalia magodoro na choo, ulizeni pia swali hilo: nani anaendesha mkutano?

Suala la wanawake huwa linapita haraka kwenye vikao vyetu, na wanaopona wa kike ni wachache kiasi kwamba wakinyamaza hakuna anayegundua. Mwanamke akiingia kwenye chumba cha wanaume thelathini, baadhi wakiwa waliwahi kumnunua au kumpiga huko vijiweni, hawezi kuzungumza. Mara nyingine hata safari ya pili haji. Kwetu tumeweka kanuni kwamba mgeni wa kike anapokelewa na mwanamke, anapewa namba ya mwanamke, na mwanamume anayemfuata mgeni kwa mambo ya mapenzi anaambiwa akasimame kwanza nje ya uongozi wowote, na akirudia haruhusiwi tena. Kanuni hiyo bado haitoshi. Wanahitaji mkutano wao peke yao, mchana na si usiku, mahali ambapo mtu anaweza kuja na mtoto na mtoto akaangaliwa chumba cha pili. Kila halmashauri ina jengo la namna hiyo ambalo Jumamosi asubuhi halina kazi.

Kuna jingine ambalo linatugawa sisi kwa sisi, na ninyi mnaweza kulisaidia. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa kwa mraibu badala ya heroini, mwaka 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke zikafuata, na leo watu wengi wanapanga foleni kila asubuhi kunywa dozi yao. Wapo wenzetu wanaowaambia watu hao kwamba hawajaacha, wamebadilisha tu kikombe, na kwenye baadhi ya mikutano hawaruhusiwi kuzungumza. Mimi sikubaliani na hilo hata kidogo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005, na mtu anayeinywa kwa mpangilio hajidungi, haibi, analala usiku na kuamka kwenda kazini. Kwetu anakaa, anazungumza, anaendesha mkutano zamu yake ikifika. Waganga wa vituo hivyo wakitupa chumba karibu, saa ambayo watu wamemaliza kunywa dozi, watu watakuwa wameshafika bila nauli ya pili. Nauli ndiyo inayowashinda wengi.

Mtu akija amelewa dawa? Swali hili huulizwa na kila mwenye jengo, na ni haki yake kuuliza. Hatumfukuzi akiwa ametulia. Anakaa karibu na mlango, pembeni yake anakaa mzoefu mmoja, anapewa chai, anasikiliza, ila hazungumzi siku hiyo. Anaambiwa zamu yake ipo kesho akiwa hajatumia. Akianza vurugu, wawili wanatoka naye, kamwe si mmoja, na mkutano unaendelea. Akisinzia tunamwangalia kifua. Anayekoroma kwa shida, midomo imebadilika rangi na haamki ukimsugua mfupa wa kifua, huyo amezidisha dozi na anakufa, hajalala. Maji ya baridi na maziwa hayamrudishii mtu pumzi. Anahitaji apuliziwe pumzi, alazwe ubavu akishapumua, na apewe naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini mwilini. Anayeteleza baada ya kukaa safi muda mrefu ndiye aliye hatarini kuliko wote, maana anarudi na kipimo cha zamani wakati mwili umeshakisahau. Ndiyo maana mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watu wanaoweza kushuhudia tukio hilo, wakiwemo waraibu wenyewe na familia zao, wafikiwe na naloksoni na kufundishwa kuitumia. Waendesha mikutano ni watu hao. Tufundisheni, tupeni dawa hiyo, iwekwe kwenye boksi ukutani.

Siri yetu ina mipaka, nayo inasomwa mwanzoni kabisa ili asiwepo wa kushtukizwa. Mtu akisema anakwenda kujiua, hatumwachi aondoke peke yake, na tunamtafutia msaada hata kama hataki. Mtoto akiwa anaumizwa, tunatoa taarifa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii afanye hivyo, na namba 116, ya simu ya kusaidia watoto, imebandikwa mlangoni petu. Kwa hiyo msihofu kwamba tunataka kujificha.

Sasa chumba. Hatuombi bajeti. Sukari, majani ya chai na vikombe tunachanga wenyewe, kofia inazungushwa, asiye nacho haweki. Tunachokosa ni ufunguo. Mkutano una nguvu pale tu unapofanyika siku ileile, saa ileile, mahali palepale, hata kwenye sikukuu, na hasa kwenye sikukuu, kwa sababu siku ya Iddi na siku ya Krismasi ndizo nyumba nyingi humkumbusha mraibu kila alichoharibu. Ramadhani tunahamisha saa tu. Chumba tunachotumia sasa ufunguo wake unakaa kwa mtendaji, na mtendaji ana vikao, ana misiba, ana safari. Inatokea tunakuta kufuli. Sisi wazoefu tunakaa nje chini ya mwembe tukaendelea. Lakini mgeni aliyetembea kutoka mbali, ambaye alijipa moyo siku tatu ndipo akaja, akiona kufuli hasubiri. Anageuka. Hatujui jina lake wala anakoishi, kwa hiyo hatuwezi kumfuata, na wala hatutaki kuwa na uwezo huo; tunataka tu awe amekuta mlango wazi. Mtupe nakala ya pili ya ufunguo. Atakayekabidhiwa atasaini yeye, kwa jina lake kamili na namba ya kitambulisho chake cha Taifa, na atawajibika kwa kila kiti.

Wakurugenzi, waraka mmoja kutoka kwenu kwenda kwa watendaji wa kata unatosha, wenye mambo manne: chumba kwa saa na siku za kudumu, nakala ya ufunguo, idadi badala ya majina, na marufuku ya kupiga picha ndani. Nakala ya barua hii naipeleka kwa mkono kwenye masjala zenu, nimeiambatanisha na ukurasa mmoja wa utaratibu tunaousoma mlangoni, ili atakayeandaa waraka huo asihangaike kuutafuta. Mkitaka kuuliza lolote, mwachieni ujumbe aliyeileta. Tutakuja tukae nanyi, ofisini kwenu, siku yoyote mtakayopanga.

Natanguliza shukrani zangu za dhati.

Mwendesha mkutano,
Dar es Salaam